Kichupa Nilichokitoa Kwenye Barafu

Nekesa, kichwa ngumu wangu,

Niaje. Usishtuke kuona barua. Najua ungependa voice note kama watu wa kawaida, lakini voice note ningecheka katikati, na nikicheka nitaharibu kila kitu. Mwandiko huu wa kuku ni wangu, wa Form Two, na ukikuta herufi imepotea itafute mwenyewe. Wewe ndiye umeitwa chuo.

Mambo ya kufua, kupika, kufunga mlango na vijana wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba, mama yako atakuambia. Alianza Jumatatu na bado hajafika katikati. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa tumboni miaka sita kama githeri iliyochacha.

Kwanza nijisifu kidogo nipate nguvu. Hapa Nakuru hakuna mtu wa nduthi aliyewahi kunipita kuanzia Section 58 hadi Gilgil, na anayebisha aje na helmeti yake tuongee. Nilikupata nikiwa na miaka kumi na minane, bado nina chunusi, na watu wa hospitali waliniuliza kama mimi ni kaka ya mgonjwa. Tumekua pamoja, wewe na mimi. Wewe umekua kwa akili, mimi nimekua kwa tumbo. Shule niliiacha kwa hiari, hiari ya deputy, lakini nimelisha nyumba hii kwa magurudumu mawili ya pikipiki na mdomo. Mdomo hasa. Ndio umenilisha, na ndio unanitia kichefuchefu sasa.

Unajua ile hadithi ya siku nilipobeba mtu mfukoni. Nimeisimulia kwa harusi mbili, kwa matanga ya babu yako, na kwa fundi aliyekuja kuziba paa akasahau kuziba. Nawe umeisimulia. Mwezi uliopita ulitoka kwa mahojiano ya ufadhili mbio, ukaniruka shingoni hapo mlangoni.

"Buda! Wameniuliza ni nini kilinifanya nipende biokemia. Nikawapa ile yako ya mtu mfukoni. Mzee mmoja wa tai alicheka akavua miwani!"

"Nilikuambia mimi ni kichwa," nikakujibu. "Ingekuwa haki, wangenipa mimi hiyo nafasi."

Ukacheka, nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikatema mate. Mama yako akadhani ni chai ya jana.

Hadithi hiyo nimekuwa nikikupa bila kichwa wala mkia. Sasa meza yote.

Wakati ule ulikuwa darasa la saba. Nilikuwa nimepata kazi ya kubebea maabara moja hapa mjini mizigo. Glovu, chupa, makaratasi, wakati mwingine boksi jeupe lile jepesi kama popcorn, limejaa vifuko vya barafu, limezungushiwa selotepu. Hayo maboksi yalikuwa yanafika Naivasha na gari kutoka Nairobi, mimi nayapokea hapo na kuyaleta. Sheria ilikuwa moja, na nilikuwa nimeisaini kwa jina zuri refu: usifungue, usisimame njiani.

Siku hiyo Kukhu wako, mama mkwe wangu, alikuwa anakuja kutoka Bungoma. Mama yako alikuwa amenipigia simu mara tatu. "Baba Nekesa, mama anakula samaki. Si mayai, si matumbo. Samaki." Basi nikanunua samaki wanne hapo Naivasha, wakubwa, macho bado yanang'aa. Jua lilikuwa kali. Nikaangalia samaki, nikaangalia boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na barafu ya bure.

Nikaibandua selotepu polepole, kama mtu anayevua plasta ya mtoto. Ndani, kati ya vifuko vya barafu, kulikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kidogo hivyo, kwa boksi lote hilo. Nikakigeuza nisome. Lebo ilikuwa na Kizungu kirefu cha kuvunja ulimi, lakini neno moja nililijua vizuri kabisa. HUMAN.

Nekesa, nilisikia mgongo ukisimama. Nikajiambia hiki ni kitu cha mtu. Kimetolewa kwa mtu, pengine maiti. Na hapa nina samaki wa mama mkwe. Nikaona kinyaa. Sikuweza kukiacha kiguse samaki. Basi nikakitoa, nikakitia mfuko wa jaketi, samaki nikawalaza kwenye barafu, nikarudisha selotepu ikakaa sawasawa. Nikajipongeza. Nikaona nina akili za ziada.

Pale Kariandusi nikasimama kunywa chai. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuonyesha ule udongo mweupe wa machimbo, unapeperuka hadi watu wanafanana na mikate iliyonyunyiziwa unga? Joto pale halina adabu. Nikavua jaketi, nikalitandika juu ya tangi la nduthi lililokuwa bado moto, nikaketi na wale mama wa kibanda cha chai. Na mdomo wangu ukaanza.

"Mathe, mimi nimebeba mtu kwa jaketi."

"Toka hapa, wewe."

"Haki. Mtu mzima. Amekunjwa akawa mdogo."

Nikawaonyesha kichupa. Mmoja akapiga kelele akamwaga chai. Mwingine akasema nisikiweke karibu na mandazi yake. Wakacheka, nikacheka, nikakirudisha mfukoni juu ya tangi, nikaagiza kikombe cha pili kwa sababu sijawahi kuacha watu wakiwa bado wanacheka. Saa moja na nusu ilipita hapo. Hiyo ndiyo hadithi unayoijua. Hapo ndipo huwa nakata.

Nilipokaribia mji nikasimama kwa kituo cha petroli. Nikatoa samaki nikawatia kwenye gunia, nikarudisha kichupa kwenye barafu, nikafunga. Kilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Mlangoni mwa maabara alinipokea Chebet. Huyu sijawahi kukutajia jina lake, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha mimi ni nani. Alikuwa mwanafunzi anayesomea digrii ya pili pale maabara, msichana mrefu, koti jeupe lenye mkono ulioungua kidogo, anatafuna njugu kila saa. Hakuna aliyekuwa ananisalimia pale ila yeye.

Akalinusa boksi. "Wafula, mbona hili linanuka samaki?"

"Madam, si nimetoka Naivasha. Ziwa lote linanuka hivyo."

"Hukufungua?"

"Mimi? Na selotepu yote hiyo?"

Akacheka. Akanipa njugu. Akalibeba boksi kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Wiki chache baadaye nikapeleka glovu, nikamkuta nje anapumzika. Nikamuuliza, kwa mzaha, yule mtu wa kwenye kichupa anaendeleaje. Akanitazama. "Mtu gani?" Nikasema nimesikia ni kitu cha binadamu. Akacheka hadi njugu ikampalia, kisha akanieleza, na alinieleza kama unavyoeleza mtu mwenye akili, si kama wanavyotueleza sisi wa nduthi.

Alisema kwenye damu homoni ni kama abiria. Kuna protini inayozibeba, inazishika. Homoni iliyoshikwa iko juu ya nduthi, haiwezi kushuka ikafanya kazi. Iliyo huru ndiyo inafanya kazi. Ukitaka kujua mwili una shida gani, ni lazima ujue ni ngapi zimepakiwa na ngapi ziko huru. Yeye alikuwa anatengeneza kipimo rahisi, cha kutumika hata kwa kliniki ndogo, kwa ajili ya wanawake ambao siku zao zimepotea na ndevu zimeanza kuota, wanazungushwa kwa wachungaji wakiambiwa wamerogwa. Shangazi yake alikuwa mmoja wao. Ili apime, alihitaji hiyo protini, safi, inayojulikana ni kiasi gani.

"Sasa inatolewa kwa nani?" nikauliza. Bado nilikuwa na mgongo uliosimama.

"Haitolewi kwa mtu, Wafula! Mwili wako una maagizo ya kuitengeneza. Wanachukua nakala ya yale maagizo tu, wanaitia kwenye seli zinazofugwa maabarani. Seli zinakula, zinatengeneza, wao wanavuna na kusafisha."

"Kama ng'ombe wa gredi, wa maziwa."

"Kama ng'ombe wa gredi. Ila huyu hana kinyesi."

Basi kitu kisafi kuliko vyote juu ya ile nduthi, pamoja na mimi mwenyewe, ndicho nilichokionea kinyaa. Nikakitoa kwenye barafu nikabakisha matumbo ya samaki.

Kisha akasema, akiwa ameacha kucheka, "Shida ni kwamba haishiki. Naiweka na homoni, haishiki kitu. Kama imewahi kupata joto, inafunguka kama yai linavyogeuka likichemshwa, na hata ukiirudisha kwenye friza hairudi kuwa ilivyokuwa. Lakini ilifika kwa barafu. Uliileta wewe mwenyewe."

Nekesa, hapo. Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa ananitazama usoni. Ningesema, angenitukana, ningepoteza kazi, angeeleza kilichotokea, wangetafuta kingine. Kingekuwa kichupa kimoja kilichoharibika. Nikasema, "Ndio, madam. Barafu tupu."

Sikukuandikia nikwambie usidanganye. Kila mtu anaambiwa hivyo na watu wanaodanganya. Nakuambia tu vile ilivyokuwa kwangu: uongo ule haukuwa mkubwa. Maneno manne, na nilikuwa natafuna njugu zake.

Baada ya hapo nilimwona akiharibika kidogo kidogo, kila nikipeleka mzigo. Alirudia kazi. Akarudia. Akaanza kufanya mazoezi ya kupima maji ya rangi, tone kwa tone, kama mtoto wa nasari. Profesa wake alikuwa mzee wa sauti ya chini, na siku moja nikiwa nimesimama na katoni ya chupa nikamsikia nyuma ya mlango. "Chebet, protini ni ileile wengine wanatumia duniani kote. Kitu pekee tofauti hapa ni mikono yako." Akatoka. Akanikuta hapo. Akajaribu kunitabasamia.

"Wafula, wewe unaamini mtu anaweza kuwa na mkosi mikononi?"

Na mimi, baba yako, bingwa wa mdomo, nikamwambia, "Nawa na maji ya chumvi, madam. Huko kwetu ndio dawa."

Ulikuwa mzaha. Wiki iliyofuata niliingia, nikakuta pakiti ya chumvi ya kupikia kando ya sinki, imefunguliwa.

Msichana aliyeweza kunieleza damu yangu mwenyewe akiwa anatafuna njugu, nilimfikisha mahali ananawa mkosi kwa chumvi. Nilitoka, nikapanda nduthi, na jioni hiyohiyo nilikuwa nyumbani nawasimulia wewe na mama yako ile ya mtu mfukoni, na ulicheka ukashika mbavu.

Pesa za kazi yake zilipoisha walimwacha aende. Hana digrii. Kwenye ripoti, nilikuja kusikia, waliandika kwamba kazi ya mikono yake haiaminiki.

Sasa unajua kwa nini sili samaki. Umenitania miaka yote, eti Mluhya gani anaogopa miiba. Si miiba. Harufu ikinipata nakuwa pale mlangoni, nadanganya tena.

Nilidhani nitakaa na hilo hadi nife, mtu kama mimi huzoea. Lakini ulipoingia na ile habari ya mzee wa tai, nikaona kitu. Huko unakokwenda watakufundisha, tena mapema, kwamba vitu hivi hukaa kwenye baridi. Siku moja utasimulia hadithi ya buda wako mbele ya watu wanaojua, na watanyamaza. Na utasimama hapo ukifanya hesabu peke yako. Sikutaka unijue kwa njia hiyo. Ona, hata hapo nilikuwa najifikiria mimi.

Basi leo asubuhi, mlipokuwa mnagombana na mama yako kuhusu blanketi ngapi, sikwenda stage ya nduthi. Nilikwenda Kiamunyi. Chebet ana duka la dawa za mifugo na vifaranga huko. Nimelijua miaka miwili, na nimekuwa nikizunguka njia ya mbali ili nisipite hapo. Friji yake ya chanjo ina vipimajoto viwili. Viwili, Nekesa. Kimoja cha kupima, kingine cha kukagua kile cha kwanza.

"Wafula wa maboksi!" akasema. "Umenenepa."

Nikamwambia. Sikutia chumvi, sikuchekesha. Samaki, mfuko, Kariandusi, tangi, petroli. Alikuwa anahesabu vifaranga kwa mama mmoja na aliendelea kuhesabu hadi mwisho, akamfungia, akamuaga. Kisha akaingia nyuma, akatoka na daftari kuukuu lenye jalada la bluu. Nilidhani atanipiga nalo.

"Jaketi gani?"

"Hili."

"Mfuko upi?"

"Wa kulia."

"Ulitoka Naivasha saa ngapi? Usinidanganye, sema hujui kama hujui."

Akaandika yote. Kisha akachukua kichupa tupu cha chanjo, akatia maji, akatia kipimajoto, akakiziba kwa pamba. Akaniambia niendeshe nduthi hadi barabara kuu na kurudi mara tatu ili tangi lipate moto, nivue jaketi, nitie kichupa mfuko wa kulia, nilitandike vilevile. "Vile ulifanya siku ile. Usiongeze, usipunguze." Ilikuwa karibu saa sita, jua la kuchoma. Tukangoja saa moja na nusu, Nekesa. Mimi kwenye kreti ya soda, yeye dukani anauza. Wateja wanauliza, "Huyu jamaa anachunga jaketi?" Yeye anasema, "Ndio." Hakunipa njugu.

Saa ilipofika akatoka, akachomoa kichupa, akakisoma. Akakigeuza akakisoma tena upande wa pili. Nambari sikuiona, sikuuliza. Akaiandika, akapiga mstari chini yake kwa rula. Rula, hebu fikiria. Kisha akaitazama mikono yake, juu, halafu viganja, kama vile amerudishiwa kutoka mahali.

"Haikuwa mimi," akasema.

Hakuniambia mimi. Alijiambia yeye.

Nikasema, "Chebet, nisamehe."

"Hiyo ngoja. Sijafika hapo." Akafunga daftari. "Na usiegemee friji yangu."

Nikainuka. Nilikuwa nishaivaa helmeti aliponiita. Wakati tunangoja alikuwa amenakili ukurasa wote kwa mkono, saa kwa saa, sasa ameongeza nambari, na chini ameacha nafasi tupu. "Jina lako na sahihi. Utampelekea profesa wewe mwenyewe. Mimi siendi kuomba mtu aniamini tena." Nikasaini, kwa lile jina zuri refu. Jumatatu nitampelekea. Yule mzee bado yuko, bado ana sauti ya chini. Sijui atafanya nini. Pengine atanifukuza kwa askari, pengine habari itasafiri hadi huko kwako, hao watu wa maabara wanajuana wote. Ukiulizwa kama wewe ni wa yule Wafula wa samaki, sema ndio. Ukitaka kukasirika kwanza, kasirika. Ukitaka kukaa muhula mzima bila kunipigia, nitakuelewa, ingawa nitakutumia kwa simu vikatuni vyangu vibaya kama kawaida na utaviona ukitaka.

Ile hadithi ni yako sasa. Usiikate tena. Ukifika pale kwa mama wa mandazi na watu wakaanza kucheka, usisimame hapo kama nilivyokuwa nasimama. Endelea hadi kwenye pakiti ya chumvi. Na umtaje jina.

Nimekuwekea hii barua chini ya viatu, kwa sababu nakujua, begi utalipakua kuanzia chini kama mchimbaji. Mama yako ameshaleta samaki wa kukuaga kesho, wanne, wakubwa. Nasikia harufu kutoka hapa nilipoketi. Nilidhani baada ya leo itakuwa imebadilika. Haijabadilika. Ukirudi likizo, niachie sukuma wiki kwa sahani, na usinitanie mbele ya Kukhu.

Buda wako,
Wafula